Mwombaji Namba Saba

Kandida alimwona muuza ndizi yule kwa mbali, akajua ndiye. Si mambo ya moyo. Moyo ulikuwa haujaamka bado. Ni mambo ya hesabu. Utaratibu wa utafiti wake ulimtaka ahoji meza moja baada ya kuruka tano, na tangu aingie soko la Kwa Mrombo alikuwa ameruka nyanya, dagaa, vikombe, mitumba na karanga. Meza ya sita ilikuwa ya ndizi, na nyuma yake alikaa mwanaume mtanashati kuliko ndizi zinavyohitaji.

Alivaa kofia ya mzula ya kijivu, koti la jinzi, na shati la drafti lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Ilikuwa tarehe kumi na nne Juni, saa tatu asubuhi, na baridi ya mlimani ilikuwa imetua sokoni kama mwenye nyumba. Kandida alikuwa na sketi ya kitenge ya rangi ya machungwa, sweta jeusi, na raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa limeshazibadilisha rangi.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, dada. Karibu ndizi."

"Asante, leo sinunui, nauliza." Akafungua dodoso lake na kuanza kusoma ile sehemu aliyoisoma mara elfu. "Naitwa Kandida, ni mtafiti. Kushiriki ni hiari yako. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Unaridhia?"

"Umesema vizuri sana," yule mwanaume alisema, akajiweka sawa kwenye kigoda. "Naridhia."

"Umefanya kazi kwenye meza hii kwa muda gani?"

Akatazama saa yake. "Dakika ishirini na tano."

Kandida akanyanyua macho. Akaandika hivyo hivyo, maana mtafiti mzuri habishani na mhojiwa.

"Ndizi unazitoa wapi?"

"Zimetoka Poli, kule mlimani. Mimi zimenikuta hapa."

"Na ukipata dharura, nani anakushikia meza?"

"Aisee, hilo swali zuri. Mwenye dharura siyo mimi. Mimi ndiye niliyeshika."

Kandida aliweka kalamu chini. "Kaka, hii meza ni ya nani?"

"Ya Mama Hanna. Kaenda kumshushia jirani yake mzigo, akaniambia nikae nisiondoke. Tulikuwa swali la kumi na moja." Kutoka chini ya mkungu akachomoa jalada, na ndani yake dodoso kama la Kandida, hata karatasi ya ridhaa ilikuwa na maneno yale yale. "Naitwa Ndesanjo. Mwanasosholojia mwenzako. Nimehamia kutoka Moshi mwezi uliopita, nafundisha chuo hapa mjini."

"Na umeniacha nijaze ukurasa mzima!"

"Uliniambia nina haki ya kujitoa. Sikutaka kuitumia."

Kandida alicheka mpaka muuza karanga akageuka. Mama Hanna, mama mnene wa Kimeru mwenye kilemba cha buluu, aliporudi aliwakuta wawili hao wamekaa kigoda kimoja wakibishana, na mteja amesimama na ndizi mkononi hana wa kumuuliza. Alipoulizwa kwa nini alimwachia mtu asiyemjua meza yake, Mama Hanna alishangaa swali lenyewe. "Sasa ningeiachia upepo? Hapa kila mtu anashika meza ya mwenzake. Leo mimi, kesho wewe. Hakuna anayeandika."

Siku hiyo hiyo Kandida alilitupa dodoso lake. Kwenye daftari akaandika tarehe, na chini yake maneno matatu: Nani anashika meza? Alijua amepata kitu. Mwili wote ulimsisimka.

Hapo lazima niseme Kandida alikuwa nani. Kwenye fani yake hakuwa mtu mdogo, ila alikuwa mtu wa kujitolea, na watu wa kujitolea hawaonekani. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, kutoka chumba chake cha Sokon One, alituma kwenye simu za wanachama wote wa Chama cha Wanasosholojia Kanda ya Kaskazini jarida dogo liitwalo Fursa na Habari. Nafasi za kazi, makongamano, mafunzo ya muda mfupi, na mwishoni Habari za Wanachama: nani kahitimu, nani kafiwa, nani kaoa. Kwa jarida lile watu walikuwa wamefika Dodoma, Nairobi, hata Accra. Mwenye jarida alikuwa bado Sokon One.

Mwaka huu ilikuja fursa ambayo aliisoma mara tatu kabla ya kuituma. Ufadhili mmoja wa utafiti kutoka chama chenyewe, mwaka mzima, na kitabu kuchapishwa mwisho wake. Sharti: mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Kandida alikuwa anatimiza Novemba. Mara mbili alishaomba, na mara mbili alishaandika mwenyewe, kwenye jarida lake mwenyewe, jina la mshindi mwingine na neno Hongera. Hii ilikuwa ya mwisho. Akikosa, hakuna mwakani.

Ndesanjo naye akaanza kupiga simu.

"Umeamkaje, mtafiti wangu?"

"Wako tangu lini? Umesaini wapi?"

"Umenihoji, umeniandika, umenibeba kwenye jalada. Mimi ni data yako. Data haitupwi."

"Data chafu husafishwa, mangi."

"Basi nisafishe Jumamosi. Mama Hanna katualika kwake Poli."

Jumamosi hiyo ya Julai walipanda mlimani. Njia ilipita kati ya mibuni na migomba iliyolowa ukungu, na Kandida alikuwa amevaa gauni jipya la maua madogo na juu yake koti la mvua, akajiambia gauni ni kwa heshima ya Mama Hanna. Walikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, ya moto mpaka wakatoa masweta, wakanywa kahawa iliyokaangwa na kutwangwa pale pale jikoni. Mama Hanna aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Binti, wewe ni wa kanisa gani?"

"Mkatoliki, mama. Kwetu Kibosho."

"Na huyu Mlutheri wa Machame. Yesu wangu! Kengele zitagombana."

Ndesanjo alipaliwa na kahawa. Kandida aliinama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Wakati wa kushuka, Ndesanjo alimshika mkono penye utelezi, akasahau kuuachia penye ukavu. Kandida aliusubiri mdomo ule ufunguke mpaka wakafika barabarani, na haukufunguka, lakini yeye alikuwa ameshapenda, kwisha habari.

Agosti andiko la kuombea ufadhili lilikamilika. Kurasa kumi na mbili juu ya wanawake wa Kwa Mrombo wanaoshikiana meza bila mkataba, bila kuandikiana, bila kudaiana. Kandida alilichapa, akalitia kwenye bahasha safi, akampelekea Ndesanjo kwenye mgahawa karibu na mnara wa saa.

"Nisomee, mpenzi," alisema. Neno lile lilimtoka lenyewe, likakaa mezani kati ya vikombe.

Uso wa Ndesanjo uling'aa, halafu ukafifia. Akasukuma bahasha irudi. "Usinionyeshe, Kandi."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Ni baya?"

"Sijalisoma! Nakuomba tu usinionyeshe. Na wiki hizi nikipiga simu kidogo, usinielewe vibaya."

Basi akamwelewa vibaya, tena sana. Mwanamke katamka mpenzi kwa mara ya kwanza, anajibiwa kwa kusukumiwa bahasha! Kandida alituma andiko lake siku ya mwisho, likapewa namba, kama ilivyo kanuni, maana wahakiki hawatakiwi kujua mwandishi wala mwandishi kuwajua wahakiki. Namba yake ilikuwa saba. Simu za Ndesanjo zikawa za kuulizana hali ya hewa.

Wiki moja kabla ya mkutano mkuu, Lydia akapiga. Lydia alikuwa karani wa chama, rafiki wa Kandida tangu chuo, mwanamke mwema mwenye mdomo usio na kufuli.

"Kandi, umekaa?"

"Nimesimama, naanika nguo."

"Kaa. Ndesanjo ni mhakiki. Yeye ni wa tatu. Nimepokea karatasi za alama mimi mwenyewe. Wenzake wawili wamekupa vizuri sana. Yeye safu yako kaiacha tupu. Kapiga mstari. Pembeni kaandika: tazama bahasha."

"Bahasha gani?"

"Imefungwa na gundi, shoga yangu, itafunguliwa mkutanoni. Na unajua bahasha hizo huwa za nini."

Kandida alijua. Katiba ya chama iliruhusu mhakiki kuweka bahasha kwa sababu mbili: kumshtaki mwombaji kwamba kaiba kazi ya mwenzake, au kukiri kwamba ana uhusiano naye. Kwa miaka yote bahasha zilizofunguliwa zilikuwa za mashtaka. Ya kukiri hakuna aliyewahi kuiona, maana kanda nzima ni ndugu, mashemeji na watani, na hakuna anayekiri.

Akakumbuka ile meza. Alikuwa amekaa nani pale kwanza? Ndesanjo. Mama Hanna alikuwa mhojiwa wa nani? Wa Ndesanjo. Nguo mbichi zilimdondoka mikononi. Mwizi! Mbele ya wanachama wote wa kanda ataitwa mwizi wa wazo, na atakayemwita ni mtu ambaye bado alikuwa anasikia joto la kiganja chake.

Akampigia hapo hapo.

"Umeweka bahasha juu yangu?"

"Nani kakwambia?"

"Nijibu. Ndiyo au hapana."

"Kandi, nimesaini kiapo cha kutunza siri mpaka mkutano mkuu. Nikisema neno moja, andiko lako linaondolewa. Lako, siyo langu. Nivumilie siku saba."

"Ungenihurumia ungenipa alama, hata ndogo."

"Nisingeweza kukupa alama."

"Sawa, Ndesanjo. Nilikuambia siku ya kwanza una haki ya kujitoa bila kutoa sababu. Umeitumia." Akakata simu, akaifunga namba ya Ndesanjo. Kisha akalia kwa sauti, bila aibu, na jirani akaja kuuliza kama amefiwa.

Siku ya mkutano hakwenda kulia. Alikwenda kupigana. Alivaa suti ya bluu iliyokoza, hereni za shanga, na viatu vya kisigino vilivyogonga sakafu ya ukumbi kama mwenyekiti anayedai utulivu. Kwapani alibeba daftari lake la tarehe kumi na nne Juni, lenye maneno matatu. Aliketi safu ya mbele. Ndesanjo alikuwa safu ya nyuma kabisa, koti la jinzi lile lile, mzula ameukunjakunja mikononi kama mtu anayekamua nguo.

Mwenyekiti, Daktari Magreth, mama mstaafu aliyewafundisha nusu ya waliokaa ukumbini, alisoma ajenda bila haraka. Taarifa ya mwaka. Ada. Chai. Halafu akavaa miwani yake ya pili.

"Kabla ya kumtangaza mshindi wa ufadhili, kuna bahasha moja. Inamhusu mwombaji namba saba."

Mioyo ya watu hupenda bahasha. Minong'ono yote ikakatika. Kandida alisimama kabla hajaitwa.

"Mwenyekiti, naomba nijitetee kwanza."

"Shikamoo yangu iko wapi, Kandida?"

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa. Hujui unajitetea kwa nini."

Akakaa, daftari kifuani. Daktari Magreth akachana bahasha, akasoma kimoyomoyo mstari wa kwanza, akatazama nyuma ya ukumbi, akarudi kwenye karatasi. Kona ya mdomo wake ilicheza.

"Hii si ya mashtaka," alisema. "Ni fomu ya mgongano wa maslahi. Katiba inasema isomwe yote, kwa hiyo nitaisoma yote. Jina la mhakiki: Ndesanjo Kimaro. Uhusiano na mwombaji."

Akakohoa.

"'Andiko halina jina, lakini mwandishi namjua. Ameeleza meza ya ndizi, na siku alipoiona nilikuwa nimekaa nyuma yake mimi. Wazo ni lake peke yake. Mimi nilikaa pale dakika ishirini na tano nikaona ndizi. Yeye alikaa dakika tano akaona jamii nzima.'"

Mtu akapiga makofi mawili, akanyamazishwa. Kandida alishusha daftari magotini bila kujijua.

"'Uhusiano ulianza lini: tarehe kumi na nne Juni, saa tatu asubuhi, Kwa Mrombo. Aina ya uhusiano: nampenda. Siyo kidogo. Mwombaji hajui, kwa hiyo hana kosa. Siwezi kumpa alama, maana ningempa zote kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Naomba nafasi yangu ashike mhakiki mwingine asiye na ugonjwa wangu.'" Daktari Magreth akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "'Uhusiano unaotarajiwa: ndoa. Akikubali.'"

Ukumbi ulilipuka. Wanasosholojia, watu wazima, wenye shahada na mvi, walipiga vigelegele na kugonga meza mpaka vijiko vya chai vikaruka. Lydia, pale mezani kwa sekretarieti, alikuwa amefunika uso kwa daftari la kumbukumbu, mabega yakitikisika kwa kicheko na aibu. Kandida alisikia masikio yakimwaka. Furaha ilimpanda kwa nguvu hata akaogopa kwamba atapiga kelele, na pamoja na furaha kulikuwa na majuto machungu ya siku saba za kumfungia simu mtu aliyekuwa anamlinda.

"Utaratibu!" Daktari Magreth aligonga. "Utaratibu! Tuliteua mhakiki mwingine wa tatu, kutoka mbali, ambaye hamjui mtu hapa. Naye hakujua anamsoma nani. Kwa alama za wahakiki hao watatu, mshindi wa ufadhili wa mwaka huu ni..." akasita kwa makusudi, maana hata wazee wana utundu, "mwombaji namba saba."

Kandida alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Una neno?" Daktari Magreth aliuliza.

"Ninalo, Mwenyekiti. Ni la utaratibu." Aligeuka, akamtazama Ndesanjo moja kwa moja kuvuka vichwa vyote vile. "Fomu hii inamhusu mtu ambaye hakuulizwa. Karatasi ya ridhaa iko wapi?"

Ukumbi ukacheka mpaka madirisha yakalia. Ndesanjo alisimama, mzula mkononi. "Mwenyekiti, namba yangu ilikuwa imefungwa."

"Leo imefunguliwa," alisema Kandida.

Saa tisa alasiri walikuwa Kwa Mrombo. Moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda barabara nzima, na Kandida alitembea kati ya mafungu ya nyanya na viatu vyake vya kisigino, suti ya bluu na yote, hajali. Mama Hanna aliwaona, akasoma nyuso zao mara moja, akajitanda khanga.

"Afadhali mmekuja. Nishikieni meza, naenda kwa fundi kuchukua gauni la Hanna. Msiondoke."

Wakakaa kigoda kimoja, kama siku ile.

"Nisamehe," alisema Kandida. "Nilikuona mwizi wa jina langu, wakati ulikuwa unalinda jina lenyewe."

"Na mimi nisamehe. Ningesema Julai, kule mlimani. Nilikuwa na maneno mdomoni tangu kwenye utelezi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaniuliza takwimu."

Kandida alimpiga bega. Kisha akafungua daftari, akageuza ukurasa mpya kabisa na kumpa kalamu. "Haya. Fanya kwa utaratibu."

Ndesanjo akashusha pumzi. Aliandika huku akisoma kwa sauti. "Naitwa Ndesanjo. Nakuomba unioe, hapana, nikuoe. Lengo: kuishi nawe. Muda: maisha yetu yote. Hatari zinazoweza kutokea: mama yangu. Kushiriki ni hiari yako. Una haki ya kujitoa wakati..."

"Hicho kifute."

"Ni kifungu cha lazima, Kandi."

"Nimesema kifute, mpenzi. Sitakihitaji."

Akakifuta, mistari miwili mizito. Kandida alichukua kalamu, akasaini jina lake lote, akaweka tarehe. Machozi yalidondokea wino, akayapangusa kwa kidole na kuharibu nusu ya tarehe.

"Na kanisa?" Ndesanjo aliuliza.

"Hilo tutalifanyia utafiti."

Mama mmoja alisimama mbele yao na kapu. "Jamani, hizi ndizi zinauzwaje?" Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Yule mama akatikisa kichwa na kwenda meza ya pili, na ndivyo ilivyokuwa kwa mwingine, na mwingine, mpaka Mama Hanna akarudi na gauni limekunjwa kwapani. Akahesabu mikungu yake kwa macho, akashika kiuno.

"Haijatoka hata ndizi moja! Watu wazima wawili, wasomi! Mlikuwa mnafanya nini muda wote huu?"

Kandida alifunika daftari kwa viganja vyote viwili.

"Tulikuwa tunajaza fomu, mama."